Mwenziwe: kisa cha wazee wawili katika mji mdogo wa Pemba

Kuhusu maelezo haya

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wasaidizi wa sheria, maofisa wa ustawi wa jamii na yeyote anayeitwa nyumbani kwa watu wakati ugonjwa umeshaingia na jamaa wameshaanza kuhesabu mali. Majina yote ni ya kubandika, mji sikuutaja, na baadhi ya mambo, kama kazi za watu na masafa ya safari, nimeyageuza kidogo ili mtu wa huko akisoma asimtambue jirani yake. Aliyebaki hai amesomewa maelezo haya kwa sauti, akakubali yaandikwe, na sehemu mbili alizoomba ziondolewe zimeondolewa.

Mahali na watu

Mji wenyewe ni wa msikiti mmoja wa Ijumaa, skuli moja, soko la asubuhi, na jamvi za karafuu zinazoanikwa hadi ukingoni mwa barabara msimu ukiwadia. Watu wake wote ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na karibu kila mtu ana nasaba na mwenziwe kwa upande mmoja au mwingine.

Mzee Kombo, aliyekuwa karani wa serikali, alikuwa na miaka 74 kisa kilipoanza. Aliwahi kuoa ujanani, ndoa ikavunjika mapema, na hakupata mtoto. Mzee Faki, wa miaka 68, ni mshoni wa kofia za viua ambaye hakuoa kabisa. Alikuja mjini kama mpangaji wa chumba cha uani mwishoni mwa miaka ya themanini, na baada ya miaka michache hapakuwa tena na mpangaji wala mwenye nyumba. Wakila sahani moja, wakifunga pamoja, wakienda Ijumaa pamoja, na mwaka 1993, nyumba ilipoezuliwa makuti na kupauliwa bati, fedha za bati na saruji zilitoka kwenye sindano ya Mzee Faki.

Walikuwa wapenzi. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu bila ya hilo kisa hakieleweki, lakini katika mji ule halikutamkwa kwa miaka zaidi ya 25. Waliitwa marafiki, wengine wakasema ni ndugu wa kuchanjiana. Bi Asha, dada wa Mzee Kombo wa baba mmoja na mama mmoja, alikuwa akimwita Mzee Faki shemegi, kwa utani ambao kila mtu aliuchukulia kuwa ni utani tu. Salim, mtoto wa kaka yao aliyefariki, alilelewa nusu ya utoto wake katika nyumba ile na akiwaita wote wawili ami. Kofia yake ya kwanza ya Idi alishonewa na Mzee Faki.

Si kweli kwamba watu hawakujua. Kiswahili cha visiwani kina maneno yake ya zamani kwa watu wa namna hii, mengine ya kejeli na mengine ya kawaida tu, na lugha haitungi maneno kwa vitu ambavyo haijavikuta. Watu walijua na wakasitiri, na sitara hiyo ilikuwa na masharti ambayo hayakuandikwa popote: wazee wale wasitangaze kitu, na mji usiulize kitu. Mpango huo ulidumu mpaka maradhi yalipoingia.

Mambo yalivyokwenda

Mzee Kombo alipatwa na kiharusi alfajiri, akiwa anatia udhu. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakawa mazito, ingawa aliyemzoea alimwelewa. Mzee Faki alimpakia kwenye gari ya jirani akampeleka hospitali. Muuguzi wa mapokezi, akijaza fomu kama anavyojaza fomu zote, alimuuliza: wewe ni nani kwake? Akajibu: mwenziwe. Muuguzi aliangalia kidogo, kisha akaandika "jirani".

Neno hilo moja likawa ndilo cheo chake kwa siku tisa zilizofuata. Jirani hapewi maelezo ya dawa, haulizwi anakubali nini, wala haitwi daktari anapopita. Siku ya tatu Salim alifika kutoka Unguja, akasaini kama jamaa wa karibu, na tangu hapo kila kilichosemwa kuhusu mgonjwa kilisemwa kwake. Sina lawama kwa muuguzi yule. Fomu ilitaka nasaba, na neno aliloambiwa halikuwa na kisanduku.

Walipomrudisha nyumbani, kazi yote ya uuguzi ikawa ya Mzee Faki. Nilimwona akiifanya baadaye, kwa hiyo naweza kuieleza. Alikunja shuka mara nne kwa urefu, akaipitisha chini ya kiuno cha mgonjwa, kisha akasimama upande wa pili wa kitanda na kuivuta polepole mpaka mwili ukageuka wenyewe bila ya mkono kugusa ngozi. Alifanya hivyo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, akifuata saa ya ukutani. Hakufundishwa na mtu. Alisema kitambaa kikivutwa sawasawa hakiumizi, kwani hata kofia huvutwa hivyo kwenye faruma, ile kalibu ya kuwambia kofia.

Salim alikuwa akija kila wiki mbili. Sijui kwa hakika ni nani aliyeanza kusema. Wengine wanamtaja yeye, mwenyewe anakataa, na mimi sikulifanyia uchunguzi kwa sababu halikuwa na faida. Ninalolijua ni kwamba ndani ya mwezi wa pili vijana wa maskani moja walianza kuwaita wale wazee majina, na msemaji mmoja wa darsa ya baada ya magharibi akagusia "nyumba zilizomo kati yetu" bila ya kuzitaja. Wateja wa kofia wakapungua. Ule utani wa shemegi ukakoma bila ya tangazo. Mwezi wa tatu mawe yakaanza kuanguka juu ya bati usiku, mgonjwa akawa anashtuka na kulia kama mtoto.

Hapo ndipo nilipoitwa, na aliyeniita ni muuguzi mstaafu, mwanamume, aliyekuwa akipita kumpima mgonjwa shinikizo la damu. Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa Mzee Faki aondoke kwa muda, akakae kwa jamaa zake kijijini mpaka moto upoe. Aliukubali kwa shingo upande.

Siku kumi baada ya kuondoka, Salim alimpakia ami yake kwenye boti akamchukua Unguja, kwa maelezo kwamba huko kuna matibabu bora. Aliishi huko wiki tano. Kwa haki ya Salim niseme kwamba alimlipia daktari na dawa kwa fedha zake. Lakini alikuwa mtu wa kazini kutwa, na mgonjwa alilala chali kutoka asubuhi hadi jioni. Bi Asha alipokwenda kumtazama alikuta vidonda viwili mgongoni, kimoja chaingia ncha ya kidole. Mwanamke yule, mwenye miaka 70 na ushei na miguu inayovimba, alimrudisha ndugu yake Pemba mwenyewe kwa boti iliyofuata, na kutoka bandarini akatuma ujumbe kijijini kwamba Faki arudi leo, si kesho.

Mwezi wa saba Mzee Kombo aliandika wasia. Mwezi wa tisa kiharusi cha pili kilimwondolea kauli. Alifariki mwezi wa kumi na nne, kitandani kwake, baada ya kugeuzwa.

Maamuzi, na sababu zake

Kutokwenda polisi. Mawe juu ya paa ni kosa, na silika ya msaidizi wa sheria ni kumwambia aliyekosewa akashtaki. Hatukufanya hivyo. Marekebisho ya sheria ya adhabu ya Zanzibar ya mwaka 2004 yaliongeza juu ya makosa ya zamani kosa la watu wa jinsia moja kuishi kama mume na mke, lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 7. Maana yake ni kwamba mlalamikaji angeweza kutoka kituoni akiwa mshitakiwa kwa maelezo aliyoyatoa yeye mwenyewe. Hofu hii haikuwa ya kufikirika. Septemba 2017 polisi Zanzibar waliwakamata watu 20 waliokuwa hotelini katika mafunzo ya mambo ya ukimwi, na Novemba 2018 wakakamatwa wanaume 10 Pongwe. Wazee wawili wa Pemba hawakuwa na sababu ya kujipeleka.

Badala yake tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na tulichokipeleka ni kwamba kuna mgonjwa wa kiharusi asiyelala kwa sababu ya mawe. Hakuna zaidi. Sheha aliwaita wazazi wa vijana wawili, akawaambia kwamba mzee yule akifa usiku wa mawe, jina la mtoto wao ndilo litakalosemwa. Mawe yalikoma wiki ile ile.

Kumwendea imamu kabla ya jambo kufika mimbarini. Nilikwenda na Bi Asha, na sikumwomba imamu ahalalishe kitu. Nilimwomba aseme kama ni haki nyumba ya mgonjwa kuzungumzwa darsani. Imamu yule ni mtu mzima wa kusoma, na jibu lake lilikuwa refu kuliko nilivyotarajia. Alisoma aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayokataza kupelelezana na kusengenyana, akakumbusha kwamba anayemtuhumu mtu zinaa bila ya mashahidi wanne ndiye anayestahiki adhabu, kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba yeye hajaona kitu, hajaletewa shahidi, na haendi kutafuta. Hakusema kwamba mapenzi ya namna ile ni sawa, na naamini haoni kuwa ni sawa. Alichokikataa ni upekuzi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, watu wakiwa bado wanatoka msikitini, alikwenda na kofia yake iliyolegea, akakaa kwenye kibaraza cha Mzee Kombo, akangojea mpaka Mzee Faki aifue, aitie wanga na kuiwamba kwenye faruma. Kofia haikauki kwa dakika tano. Alikaa pale karibu saa nzima, kichwa wazi, akiitikia salamu za wapita njia. Msemaji wa darsa hakuzirejea tena "nyumba zilizomo kati yetu".

Wasia badala ya hiba. Mzee Kombo alitaka kumpa Mzee Faki nyumba nzima, na aliyekuja na fikra ya hiba ni mwenyewe. Hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, haina mpaka wa thuluthi kama wasia, ambao haupiti theluthi moja ya mali, kwa hiyo kwa juu juu inavutia. Lakini hiba hutimia kwa kabdhi, yaani kukabidhiwa kitu chenyewe, na kabdhi ya nyumba ni mtoaji kuiacha, kutoa vyake na kukabidhi ufunguo. Huyu alikuwa amelala ndani yake na hakuwa na pengine pa kulala. Jambo la pili ni kwamba wanazuoni wa Shafii wanauhesabu mwanzo wa kiharusi kuwa ni katika maradhi ya kutisha, ambapo anachokitoa mgonjwa huingizwa katika thuluthi akifa kwa maradhi hayo. Ulemavu ukishatulia hukumu hubadilika, lakini ni nani angethibitisha siku uliyotulia? Hiba ingewapa mahasimu milango miwili ya kupita, na tukaifunga yote kwa kuchagua wasia wa thuluthi, ambao warithi hawana uwezo wa kuupinga na ambao huandikwa kwa mtu asiye mrithi, kama alivyokuwa Mzee Faki mbele ya sheria.

Ikrari ya deni. Katika mirathi, mazishi na deni hutangulia, kisha wasia, kisha warithi. Mzee Faki alikuwa na daftari la mwaka 1993, lenye jalada lililoliwa na mende, ambamo kila bati na kila mfuko wa saruji umeandikwa kwa kalamu ya risasi, jumla shilingi 186,000. Mzee Kombo alikiri deni hilo mbele ya mashahidi wawili, imamu na muuguzi mstaafu. Jamaa mmoja alishauri tuongeze sifuri moja. Nilikataa, kwa sababu ya uongo wenyewe kwanza, na pia kwa sababu daftari la kweli lenye mende lina nguvu kuliko hesabu safi iliyoandikwa jana.

Jina lipi liandikwe. Hapa tulikaa muda mrefu. Mzee Kombo alitaka wasia useme "mwenzangu". Nilimweleza kwamba wasia unahitaji mtu ajulikane nani, hauhitaji kueleza ni nani kwako, na kwamba neno lile, likisomwa mbele ya hasimu, linaweza kugeuzwa hoja kwamba wasia umekusudia maasi. Aliinamisha kichwa. Baadaye akasema, taratibu kwa sababu ya ule uzito wa ulimi: hospitali wameandika jirani, na wewe hutaki kuandika kitu. Tuliandika jina kamili, jina la baba na la babu, na shehia. Alitia dole gumba bila ya kuniangalia.

Kuna mapendekezo mengine yaliyopita haraka. Salim alishauri ami yake apelekwe Limbani, kwenye nyumba ya wazee ya Wete, na Bi Asha akakataa kwa kusema watu watadhani hana ndugu. Kuhusu Pensheni Jamii, ambayo serikali iliianzisha mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, tulihakikisha anayeipokea kwa niaba ya mgonjwa ni Bi Asha, na mzozo ukaishia hapo.

Matokeo

Siku ya maziko ndiyo iliyotupata bila ya maandalizi. Tulikuwa na wasia wa mali, lakini hatukuandika ni nani atakayemkosha maiti. Kwa utaratibu wa fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, haki ya kukosha ni ya jamaa wanaume wa upande wa baba, na hapo aliyekuwepo ni mmoja tu, Salim, aliyesimama mlangoni mwa chumba akasema "yule mtu" asiingie. Yule mtu ndiye aliyekuwa ami yake zamani.

Imamu hakubishana naye. Alimuuliza kama anajua kugeuza maiti. Salim akanyamaza. Imamu akasema aliyemgeuza hai mwaka mzima anajua pa kushika, na kwamba ruhusa ni ya Salim, haichukuliwi kwa nguvu. Baada ya muda Salim alisema aingie, lakini amwage maji tu, asiguse. Ndivyo ilivyokuwa. Mzee Faki alisimama kichwani na kata ya kifuu, akimwaga maji ya majani ya mkunazi na mwisho maji ya karafuu maiti, na kila wakoshaji walipobabaika namna ya kumlaza upande, yeye alisema "shuka", na wao wakakunja shuka. Mkono wake haukugusa.

Mirathi iligawanywa baada ya miezi mitatu. Wakadiriaji waliokubaliwa na pande zote walithaminisha nyumba kwa shilingi 17,000,000 na mikarafuu kwa shilingi 8,500,000. Gharama za maziko zilibebwa na Bi Asha na majirani, hazikudaiwa. Likatolewa deni la 186,000, ikabaki 25,314,000, ambayo thuluthi yake ni 8,438,000. Kilichobaki kiligawanywa nusu kwa nusu baina ya Bi Asha, ambaye dada wa baba na mama akiwa peke yake fungu lake ni nusu, na Salim, ambaye huchukua baki kama asaba, yaani jamaa mwanamume wa upande wa baba. Kwa hesabu hiyo kila mmoja wa watu watatu alipata 8,438,000, na Mzee Faki akawa na deni lake juu.

Salim aligusia hoja ya maasi, kwa maneno ya mbali, mbele ya watu waliosimamia ugawaji. Aliombwa aonyeshe mahali ambapo wasia unataja jambo hilo. Hapakuwepo. Wasia kwa mtu haubatiliki kwa mwenendo wa mtu, na hoja ikaanguka hapo hapo.

Aliyefungua njia ya kugawanya vitu vyenyewe ni Bi Asha, aliyesema: Salim achukue mikarafuu, mimi na Faki tutachukua nyumba. Salim, anayeishi Unguja na asiye na haja ya nyumba Pemba, alikubali kwa urahisi ulionishangaza. Mikarafuu ilizidi fungu lake kwa shilingi 62,000, ambazo alitakiwa azirudishe. Mzee Faki alisema amemsamehe, Bi Asha akasema naye hana neno.

Mzee Faki anaishi katika nyumba ile mpaka leo. Wateja wamerudi nusu. Kofia nyingine huzipeleka kwa mfanyabiashara wa Chake anayeziuza bila ya kutaja mshonaji.

Uchambuzi

Jambo lililofaa kuliko yote ni kutofautisha haki na uhusiano. Hakuna hata haki moja iliyopatikana hapa kwa kuthibitisha kwamba wazee wale walikuwa wapenzi, na hakuna iliyohitaji hivyo. Deni ni deni, wasia ni wasia, mgonjwa asiyelala ni mgonjwa. Msaidizi anayefanya kazi katika sheria kama hii ya kwetu anatakiwa aulize kila mara: je, haki hii naweza kuipata kwa njia ambayo haimlazimishi mtu kujifichua? Mara nyingi kuliko tunavyodhani, jibu ni ndiyo, na njia yenyewe imo ndani ya fiqhi ile ile ambayo watu hudhani ni ukuta mtupu.

Imamu alisaidia kwa sababu aliombwa kitu alichokuwa nacho. Nimeona wenzangu wakienda kwa mashekhe na maneno ya haki za binadamu, wakitoka wamefukuzwa, kisha wakaandika kwamba dini ndiyo kikwazo. Katika kisa hiki dini ilitumiwa kurushia mawe na pia kuyazuia, na tofauti ilikuwa ni nani alifika kwa imamu mwanzo.

Makosa makubwa ni yangu, na mawili kati yake yanahitaji kuelezwa.

La kwanza ni kumwondoa Mzee Faki. Nililiona kama la hekima, kwani ndilo jambo tunalolifanya tunapoogopa: tunamwambia anayetishwa ajifiche. Sikujiuliza ni nani atakayemgeuza mgonjwa. Nilimtazama Mzee Faki kama mtu aliyemo hatarini tu, na sikuona kuwa yeye ndiye uuguzi wenyewe wa nyumba ile. Vidonda vile havikupona kabisa hadi kufa. Kama ningerudia, ningeanza na sheha siku ya kwanza na kumwacha Mzee Faki mahali alipokuwa, na kama angelazimika kuondoka, basi wangeondoka wote wawili, kwa Bi Asha.

La pili ni deni. Shilingi 186,000 za mwaka 1993 zilipaua nyumba nzima. Leo hazinunui bati kumi. Kwa kuliandika kama deni la fedha, niliiacha thamani ya miaka yote ile iyeyuke. Swali nililopaswa kumuuliza Mzee Kombo, akiwa bado na kauli, ni kama fedha zile zilikuwa mkopo au zilikuwa mchango wa kumiliki pamoja. Kama zilikuwa mchango, na naamini ndivyo, kwani hakuna aliyewahi kuzidai, basi ikrari ya kweli ilikuwa kwamba sehemu kadhaa ya nyumba ni ya Faki tangu mwanzo. Sehemu hiyo isingeingia katika urithi kabisa, na thuluthi ingehesabiwa juu ya kilichobaki. Nililigundua hilo mwezi wa kumi, kauli ikiwa imeshakwenda. Tofauti baina ya maneno "ananidai" na "ni mshirika wangu" ni ndogo mdomoni.

Kutoandika habari za ukoshaji na za hospitali ni upungufu mdogo wa kisheria, lakini ndio uliomuumiza zaidi. Karatasi ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa na Bi Asha kama mrithi, ikimtaja Mzee Faki kuwa ndiye mlezi wa mgonjwa, ingetosha kwa daktari anayetaka kujua nani anatoa dawa. Maombi ya nani amkoshe hayavunji haki ya jamaa, lakini ni vigumu kwa mtu kumzuia mlangoni aliyetajwa na marehemu kwa jina.

Kuhusu lile neno "mwenzangu", sijapata uhakika. Kwa sheria nilikuwa sawa kulikataa, na hoja iliyoanguka siku ya ugawaji ilianguka kwa sababu halikuwepo. Lakini sitara ambayo mji uliwapa wazee wale, nami niliifuata kwa kalamu yangu, ilikuwa na bei yake, na aliyeilipa ni mtu aliyetaka mara moja tu, mwisho wa umri wake, yule aliyeishi naye aandikwe alivyo. Mzee Faki alipokuwa akisomewa maelezo haya sikujua kichwa cha habari niandike nini. Yeye ndiye aliyelisema neno lililoko juu: mwenziwe.

Liko jambo moja ambalo halijamalizika. Nusu ya nyumba ni ya Bi Asha, naye ana watoto wanne, wawili kati yao ni marafiki wa Salim. Ameahidi kwa mdomo kwamba Mzee Faki hatatolewa, na hakuna aliyeiandika ahadi hiyo. Miguu yake imezidi kuvimba. Nimeomba tukutane karafuu zikishaanikwa, na safari hii karatasi nitakwenda nayo mwenyewe.